Mfupa Huunga

Mtulinga wa Lanty Fearon ulivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu, na yeye akaendelea kubingiria. Jiwe likampasua paji la uso, jingine likamng'oa jino, na kokoto za mlima Skelgarth zikamchuna mgongo. Alikuwa anaongoza. Bonde zima lilikuwa chini kwenye uwanja wa maonyesho ya kondoo likimshangilia, na sasa lilinyamaza.

Mbio zile ni za kupanda mpaka kwenye rundo la mawe kileleni na kurudi, kila mtu na njia yake. Njia ya Lanty ilikuwa ya marehemu baba yake, Joss: mteremko mkali katikati ya majani marefu, ambao hakuna mwingine mwenye wazimu wa kuufuata. Joss alishinda kombe kwa njia hiyo, tena na tena, mpaka mwaka moyo wake uliposimama kileleni, mkono ungali umeshika lile rundo la mawe. Daktari alimpima na mwana, akasema moyo ni ule ule, aache mbio. Lanty akajibu kwamba daktari yule hata basi halikimbilii. Kombe la baba alilitaka, basi.

Tangu hapo mlima ukawa unamtafuna. Kifundo cha mguu, kisha goti, kisha muundi, kisha goti tena, na daima ni kwenye mteremko ule ule. Mama yake, Dinah, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia kila aangukapo, akitokea kwenye majani alikochunga kondoo. Alimfunga bandeji, akamsugua dawa ya farasi, akampikia nyama ya kondoo na viazi, na kumwambia neno lile lile: "Mfupa huunga, mwanangu."

Na uliunga. Lanty hakuwa mgonjwa wa kulala. Alirukaruka jikoni kwa mguu mmoja mpaka mbwa akahama nyumba, na plasta aliikata mwenyewe kwa mkasi wa kunyolea kondoo kabla ya wakati wake. Sikio la kufa halisikii dawa. Hata mageti ya shamba lao, ambayo mama yake aliyafunga kwa kamba, hakuwahi kuyafungua tangu utotoni, aliyaruka. Kufungua kamba, alisema, ni kazi ya wasio na haraka.

Safari hii hakungoja kuokotwa. Alitambaa kwa mkono mmoja kurudi juu, akaone ni kitu gani kilichomkata miguu. Kati ya miamba miwili, usawa wa muundi, ilikuwa imekazwa kamba ya nailoni ya buluu. Fundo alilivuta kwa meno mpaka fizi zikatoa damu zaidi, halikulegea. Akaisaga kamba kwa jiwe ikakatika, akaondoka nayo, fundo na yote. Mama yake alikuwa anapanda kumfuata, anahema, anamwita jina. Alimpita kama gogo la njiani.

Bonde lile hujua mali ya mtu kwa rangi. Kondoo wa Fearon wana doa jekundu begani, wa Tiffin wana la buluu. Na kamba za kufungia nyasi kavu, kila mtu hununua za rangi ya chungwa, isipokuwa Amos Tiffin, ambaye kwa mbwembwe zake alitaka zifanane na kondoo wake. Amos, aliyesoma naye darasa moja. Amos, aliyewaletea marobota ya nyasi majira ya baridi Lanty alipoumia goti. Amos, aliyechukua kombe kila mwaka Lanty alipoanguka. Kikulacho ki nguoni mwako, Lanty alijiambia, na hasira ikammalizia uchungu wote.

Alimkuta kwenye hema la bia, kombe kapakata.

"Pole, bwana," Amos alisema. "Mlima wako haukupendi."

"Kamba hii ya nani?"

Amos akaitazama. "Yangu. Umeiokota wapi?"

Hakuulizwa la pili. Penye mlango wa hema palikuwa na nyundo ya kupigilia vigingi. Pigo la kwanza lilitua gotini, na watu wote waliusikia mfupa. Amos alianguka juu ya kombe lake.

"Lanty, sikiliza, zile nyasi nilizo..."

La pili likamfunga mdomo. La tatu na yaliyofuata yalirudi kwenye goti, pale pale, kwa mkono mmoja mzima, mpaka wanyoa kondoo wakamlalia Lanty na kumpokonya. Mguu wa Amos ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo.

Polisi walikuwa njiani, na wanyoa kondoo walikuwa wamemrudisha Lanty kwao, wakilinda mlango. Jikoni kwake, Dinah alimwosha mwanawe damu kwa maji ya moto.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai. Ila mfupa ule hautaunga, mama. Nimehakikisha."

Dinah akakaa chini, akalia. Lanty hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Joss, na ilimtia uchungu kuliko bega. Akaitoa kamba mfukoni, akaiweka mezani mbele yake.

"Usimlilie. Tazama alivyonifanyia, miaka yote hii. Hata fundo lenyewe sijapata kuliona."

Dinah akaichukua. Macho yake yalikuwa dirishani, mlimani. Vidole vyake vikavuta ncha moja, vikasukuma nyingine, na fundo likafunguka lenyewe. Akaiviringa kamba, akavuta droo ya meza, akaitia ndani pamoja na zile nyingine za buluu.