Mkeka wa Jirani

Mvua ilianguka ghafla pale kisiwani Vava'u, Mchungaji Semisi alipomaliza tu kuhubiri upendo wa Mungu. Akakimbia nyumbani kuokoa magimbi na nyama, vilivyofukiwa shimoni viive juu ya mawe ya moto.

Akamkuta jirani yake, bibi mzee, amepiga magoti matopeni, amelifunika shimo kwa mkeka wake mwenyewe wa kulalia. Maji yalimchuruzika viwikoni.

"Mama, mbona hukuja kanisani?" swali likamtoka Semisi kabla hajafikiri.

"Si ulinifukuza mwenyewe, baba mchungaji? Mwaka wa tatu huu," alijibu bila hasira. "Hebu shika huku, mkono umekufa ganzi."

Uso ulimwaka Semisi kwa aibu. Akapiga magoti na shati lake jeupe, akashika pembe ya mkeka, asithubutu kumtazama.