Jina Kwenye Fomu

Tangu kiharusi kimlaze, Bi Tatu alikuwa akijikokota hadi kwenye beseni ili aoge, na siku nyingine hafiki. Ndiyo maana muuguzi Stumai alipokuja na fomu yake, alimkaribisha kwa moyo mkunjufu. Kituo cha afya kilikuwa kimeanza kupeleka mhudumu wa kuwaogesha na kuwapikia wazee wasio na mtu nyumbani.

"Bibi, unaishi na nani?"

"Na mwanangu, Kombo," akajibu upesi, kama alivyozoea kuwajibu majirani.

Stumai akaandika jina, kisha akasita. "Basi bibi, mwenye mtu nyumbani hapewi huduma hii."

Alikuwa amekwishafika mlangoni Bi Tatu alipomwita. "Rudi, mwanangu. Kombo aliondoka, mwaka wa sita sasa. Hajaleta hata salamu."

"Pole, bibi. Nilifute jina lake?"

Jina hilo Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyempa mwanawe, la marehemu baba yake mzazi, na sasa alitakiwa kukiri mbele ya mgeni kwamba mwenye jina hayupo.

"Lete kalamu," akasema. "Nitalikata mimi."

Stumai akamwekea fomu magotini, akaishika isiteleze. Bi Tatu akavuta mstari. Mstari ulianza vizuri, ukashuka, ukapita chini ya jina lote bila kuligusa.

Stumai akautazama.

"Jumatatu atakuja mhudumu," akasema taratibu, akanyoosha mkono apokee kalamu. Bi Tatu alikuwa bado ameishika.