Simu ya Nyuma ya Mlango

Siku niliyorudi kutoka ng'ambo, Mama aliingia chumbani kwangu bila hodi, kama zamani, amebeba nguo zangu zikiwa bado na joto la pasi.

"Mama, kule mtu haingii tu hivi hivi," nilimwambia. "Anapiga simu kwanza."

Akacheka. "Haya, bosi." Kisha akafunga mlango taratibu mno.

Asubuhi iliyofuata simu yangu ililia. Sauti ya Mama niliisikia mara mbili, sikioni na nyuma ya mlango.

"Samahani mwanangu, una nafasi? Nimekuletea chai."

Nilifungua. Simu alikuwa ameibana kwa bega, mikono yote miwili imeshika kikombe.

Alikuwa amevaa viatu, na gauni lake la kwendea kwa watu.