Vijiko Viwili

"Kaka Trilok, kule bwawani hakuna mtu," Nakul alisema kwa mara ya pili. "Turudi getini."

"We Nakul, una nini na bwawa leo?" Trilok, kiongozi wao, alicheka na kusonga mbele.

Walikuwa vijana wanane wa chama cha vijana wa Kihindu, skafu za rangi ya zafarani shingoni, fimbo mikononi. Chama kilitaka India iwe nchi ya Wahindu, na kazi ya leo, Siku ya Wapendanao, ilikuwa kuwalinda mabinti wa Kihindu wasiharibiwe bustanini. Trilok alikuwa amekusanya simu zote, asije mtu akamtonya rafiki yake. Ndiyo maana Nakul alishindwa kumwambia mpenzi wake, Vasudha, asije.

Na Vasudha, masikini, alishakuja. Alikaa kwenye benchi, kopo la halua ya karoti na vijiko viwili mapajani, akimsubiri yeye. Kesho alfajiri walipanga kupanda treni waende Pune wakaoane, wazazi wapende wasipende.

"Unamsubiri nani, dada?" Trilok aliuliza.

Macho ya Vasudha yalimpita Nakul bila kutua. "Simsubiri mtu."

"Na vijiko viwili? Kimoja cha mizimu?" Vijana wakaangua kicheko. "Ni Mwislamu, eti? Mtaje, au nimpigie baba yako."

Neno moja tu la Nakul lingemaliza yote. Lakini wiki ijayo, wakisharudi kutoka Pune, alikuwa anafanywa mkuu wa tawi, na wakuu wa matawi huapa kutojihusisha na mapenzi kabla ya ndoa. Trilok akageuka, akamkazia macho. Woga ukamshika.

"Achana naye, Kaka," Nakul alisema kwa dharau. "Huyu ni wa kila benchi."

Trilok alifungua kopo, akala, akampa Nakul kijiko cha pili. Nakul naye akala. Iliki ilikuwa nyingi, kama anavyoipenda.

"Haya, hatuna ubaya," Trilok alisema, akitoa uzi mwekundu mfukoni. "Mwenyewe unajua: ukimfunga mwanamume uzi huu, ni kaka yako mpaka kufa, na kuoana ni mwiko. Chagua mmoja wetu, yeyote, umfunge, uende zako. Baba hatasikia kitu."

Nakul alishusha pumzi. Afadhali! Amfunge yeyote, hata huyo Trilok, yaishe. Usiku angempigia Vasudha amwombe radhi, amlilie ikibidi, na alfajiri wangekuwa kwenye treni.

Vasudha aliinuka, akachukua uzi. Alimpita Trilok. Akampita aliyemfuata, na mwingine, mmoja mmoja, akiwatazama usoni kama anayechagua nyanya sokoni.

Mbele ya Nakul akasimama. Nakul akatikisa kichwa, kidogo sana, wenzake wasione.

Vasudha akamshika mkono wa kulia, akaufunga uzi, fundo juu ya fundo.

"Haya, nilinde," alisema, "kaka yangu."