Hodi ya Tatu

"Hodi!"

Mahadhi alijibanza nyuma ya kabati, akazuia pumzi. Tangu mkopo wa riba umshinde, kila hodi aliisikia kama ya mdai. Redio hakuwasha tena. Usiku hakulala, miguu ilizunguka chumba kama ya mtu mwingine.

"Hodi tena! Ni mimi, dada yako Siwema."

Sauti aliijua. Lakini wadai nao wanajua kutuma madada.

Akangoja hodi ya tatu. Katika mji ule, mgeni asipojibiwa hodi ya tatu huondoka, ndiyo adabu. Angeondoka, naye angepumua.

Haikuja. Alisikia sufuria ikitua kizingitini, na mtu akikaa chini huku akiguna.

"Ya tatu sipigi ng'o," Siwema alisema. "Nitakaa hapa mpaka niote mizizi. Na muhogo huu wa nazi ukipoa utaula hivyohivyo, bwege wewe. Umekopa, hujaua mtu."

Mahadhi alitoka nyuma ya kabati. Akarudi. Akatoka tena, mpaka mlangoni. Komeo lilikuwa la baridi, akalivuta taratibu hadi chuma kikalia.

Nje, Siwema aliusikia mlio, akainua sufuria.