Sahani ya Kidakani

Kitabu cha nyumba za kale za mji wao kilipotoka, Bi Zuwena alikinunua ili aione sebule ya mdogo wake, Mwanaisha. Akaiona. Pichani, ndani ya kidaka cha ukutani, ilisimama sahani ya buluu yenye pengo ukingoni, ya marehemu mama yao. Ilipotea siku ya matanga, wakamfukuza mpishi.

Akaenda kwa Mwanaisha, nakala yake kaificha ndani ya buibui. Kidakani sahani haikuwapo; palisimamishwa kitabu kile kile.

"Nyumba imetoka vizuri, dada," alisema Mwanaisha. "Ila sebule wameiruka."

Bi Zuwena akakifungua. Ukurasa mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe.

"Nitilie kahawa," akasema, akaketi.