Limepita Ukaguzi

Siku ambayo Hajar hakurudi nyumbani, mvua ilianza saa ya kutoka maofisini. Alitoka kazini Al Khuwair kama kawaida, akapanda barabara ya mlimani kwenda nyumbani Amerat, na kwenye mteremko wa mwisho lile gari lake kubwa la mkono wa pili likamponyoka. Hakukuwa na gari jingine karibu. Waliomtoa hawakumkuta hai.

Matangani watu walisema walichosema. "Wasichana wa siku hizi, mguu mzito kwenye mafuta," alinong'ona mmoja juu ya kikombe cha kahawa. Jaifar, baba yake Hajar, alimsikia. Kahawa ikamgeuka mdomoni, akatoka kwenda kuitema uani.

Hajar hakuwa na mguu mzito. Na alikuwa amesema mapema.

"Baba, gari hili silielewi. Leo lori la maji lilimwaga barabarani. Nimekanyaga breki, nyuma ikataka kunipita."

"Mbona mimi nnaliendesha halina neno?"

"Wewe unaliendesha pakavu, baba."

Wakalipeleka gereji. Fundi akabadilisha shokapu mbili, akanyoosha magurudumu, akalizungusha mtaani juani. Safi. Jaifar akaridhika. Hata siku ya kulinunua ni yeye aliyemwambia mwanawe, "Limepita ukaguzi mwezi huu huu. Chukua."

Matanga yalipoondoka alikwenda kwenye yadi lilikowekwa gari. Alitaka kujua, na alitaka wale wanywa kahawa wajue. Usukani mzima. Breki zinashika. Akachuchumaa penye tairi la nyuma, jeusi, linang'aa kama la dukani. Akalipapasa, na weusi ukamganda vidoleni: mafuta mazito yenye harufu ya kitu kilichooza. Akafuta kwa kitambaa. Chini yake mpira ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, mgumu, ukucha hauingii. Mifereji ya kutolea maji ilikuwa imechongwa upya kwa kisu. Mmoja ulikwenda upande. Aliyechonga alikuwa na haraka.

Yote manne yalikuwa hivyo. Juani yangeshika mwaka mzima. Kwenye maji ni sabuni.

Jaifar akatapika kando ya gari.

Nyumbani alisugua vidole kwa sabuni, halafu kwa mchanga. Bado alikuwa kwenye mfereji wa uani pale jirani yake Ghanim alipoingia akiviringisha tairi.

"Nimeyarejesha, ami. Matatu mengine yamo garini. Mungu akulipe."

"Yatie stoo."

Yalikuwa matairi mazuri, ya pikapu ya Jaifar iliyokufa muda si mrefu baada ya kuyanunua. Kila moja alilitia doa la rangi ya kijani, ile iliyobaki alipopaka mlango, yasije yakapotea. Mwenye shida alikuja, akachukua, akarejesha. Jaifar hakuwahi kumnyima mtu.

"Mkono umefanya nini, ami?"

"Uchafu wa mtu," alisema Jaifar. "Na kesho nnampelekea mwenyewe."

Aliyeuza gari aliitwa Muatasim, mtu wa Ansab. Alimkaribisha majlisi, akamwekea halwa na tende. Jaifar hakukaa. Hata lile zulia aliona kinyaa kulikanyaga. Akamsogezea vidole mpaka chini ya pua.

"Nusa. Haya ndiyo uliyompakia mwanangu."

Muatasim akarudi nyuma. "Mzee wangu, pole sana. Lakini gari lilipita ukaguzi, wallahi."

"Kwa matairi yale yaliyochongwa?"

"Yale? La." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Kwani mzee wangu mgeni wa mji? Unafunga mazuri ya kuazima, unapita ukaguzi, unayarejesha kwa mwenyewe, unafunga yako. Watu wote wanafanya. Mvua yenyewe hapa inanyesha mara ngapi?"

Jaifar alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi ndani ya maziwa.

"Hayo mazuri ulipewa na nani?"

"Ya nini sasa, mzee wangu?"

"Mtaje. Wewe mchafu, nimeshakuona. Lakini yuko mtu aliyekushikia mlango ukapita. Huyo nnamtaka kuliko wewe."

"Simjui hata jina, wallahi. Shemeji yangu aliniazimia kwa jirani yake, huko huko kwenu Amerat. Mzee mwema, anasema, hachukui hata baisa." Muatasim alikuwa akifuta pua kwa mkono wa kanzu. "Ukiyaona utayajua. Yana doa la kijani."

Stoo ya Jaifar sasa ni tupu, na majirani wanaulizana ni nani mwingine anayeazimisha matairi.